Kamisheni ya dalali wa nyumba: hupatikanaje, nani hulipa na lini

Wasafirishaji na wafanyabiashara wa mpakani wanamfahamu vizuri dalali wa mizigo. Ndiye anayetafuta shehena, anaikutanisha na lori, na anachukua chake gari likishapakia. Dalali wa nyumba hufanya kazi inayofanana na hiyo, kwani anamkutanisha mwenye mali na mwenye fedha. Tofauti ipo kwenye muda. Shehena hupatikana na kupakiwa kwa siku moja au mbili, lakini mauzo ya nyumba yanaweza kuchukua miezi mitatu au zaidi. Katikati hapo mnunuzi anaweza kukosa fedha, muuzaji akaghairi, au hati ikaonekana ina mgogoro.

Ugomvi mwingi wa kamisheni huanzia hapo. Dalali huona kazi yake imekwisha siku aliyomleta mnunuzi. Mwenye nyumba huona imekwisha siku fedha zilipoingia benki. Wasipoandikiana mapema, kila mmoja hubaki na hesabu yake.

Makala hii inaeleza namna kamisheni inavyopatikana katika uuzaji wa nyumba nchini Kenya na Tanzania, na mambo ambayo mtu anayenunua au kuuza nje ya nchi yake anapaswa kuyafahamu kabla ya kutoa fedha.

Majina hutofautiana kila nchi

Tanzania mtu huyu huitwa dalali, na malipo yake huitwa udalali au kamisheni. Kenya huitwa wakala wa nyumba, ajenti au broka. Mkenya akisikia neno "dalali" mara nyingi humfikiria mtu wa mnada, anayeuza mali ya mdaiwa kwa amri ya mahakama au benki. Tanzania nayo ina madalali wa mahakama, lakini hao ni watu tofauti na dalali wa nyumba. Uganda neno linalotumika zaidi ni broka, na Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ni komisiyoneri.

Tofauti hii si ya maneno tu. Wakala aliyesajiliwa mwenye ofisi jijini Nairobi na kijana anayekaa kwenye kijiwe akiwa na simu mbili wote wanaweza kuitwa broka. Wajibu wao kisheria haulingani, na usalama wa fedha zinazopita mikononi mwao haulingani.

Kamisheni ni malipo ya nini

Kamisheni si mshahara wala si ujira wa siku. Ni malipo ya matokeo. Dalali anatangaza nyumba, anapokea simu, anawapeleka watu kuiona, anapeleka bei na kurudisha majibu mpaka pande mbili zikubaliane. Anaweza kuwazungusha watu ishirini na asiuze. Kazi ya wale ishirini hailipwi na mtu. Italipwa na nyumba itakayouzika.

Kwa sababu hiyo kamisheni huonekana kubwa ukiilinganisha na saa alizotumia kwa mteja mmoja. Ndani yake mna gharama za simu, nauli na matangazo ya nyumba ambazo hazikuuzika.

Jambo la pili ni kwamba dalali hulipwa kwa kuwa sababu ya mauzo. Haitoshi kuwa aliijua nyumba, au alipita na mnunuzi barabarani. Ni lazima kumtambulisha kwake mnunuzi ndiko kuliko sababisha mauzo hayo. Madalali wawili wanapodai kamisheni moja, swali linaloulizwa ni hili: ni nani hasa aliyewakutanisha walionunua na waliouza?

Viwango na namna ya kukokotoa

Kamisheni ya kuuza nyumba hutajwa kwa asilimia ya bei iliyouziwa, si bei iliyotangazwa. Kenya, mawakala wengi hutaja asilimia 3 au chini ya hapo, na nyumba ya bei kubwa huweza kupunguziwa kiwango. Tanzania, kiwango kinachotajwa sana ni asilimia 5, ingawa baadhi ya madalali huomba hadi asilimia 10. Viwango hivi hujadiliwa, na kinachomfunga mtu ni kile alichokubali.

Mfano wa Kenya: nyumba imeuzwa shilingi 8,000,000. Kamisheni ya asilimia 3 ni shilingi 240,000. Wakala aliyesajiliwa kwa VAT huongeza asilimia 16 juu ya kamisheni yake, yaani shilingi 38,400. Jumla ni shilingi 278,400. Muuzaji aulize mapema kama kiwango alichotajiwa kina VAT ndani yake au bado.

Mfano wa Tanzania: nyumba imeuzwa shilingi 120,000,000. Kwa asilimia 5, kamisheni ni shilingi 6,000,000.

Kupangisha ni jambo jingine. Katika miji mingi ya Tanzania dalali wa nyumba ya kupanga hulipwa kodi ya mwezi mmoja, na anayelipa ni mpangaji. Wengi waliozoea utaratibu huo hudhani na kununua ni vivyo hivyo, kwamba mnunuzi ndiye atakayemlipa dalali. Si lazima iwe hivyo.

Nani hulipa

Kanuni ya msingi ni kwamba dalali hulipwa na aliyemtuma. Kwa kawaida mwenye nyumba ndiye anayempa dalali kazi ya kuuza, na ndiye anayelipa, akikata katika fedha za mauzo. Mnunuzi aliyemtuma dalali amtafutie nyumba anaweza naye kuwa na makubaliano yake ya kumlipa.

Tatizo huja pale dalali mmoja anapochukua kwa pande zote mbili. Anamwambia muuzaji asilimia 5, kisha anamwendea mnunuzi na kumwomba "ya kwake". Mtu aliyetumwa na muuzaji anapaswa kumtafutia muuzaji bei nzuri. Akipokea fedha za mnunuzi kwa siri, ni vigumu kujua anamtetea nani. Kupokea kwa pande mbili kunaweza kukubalika iwapo pande zote zimeelezwa na zimeridhia. Kukifanyika kwa siri ni uvunjaji wa uaminifu, na dalali anaweza kupoteza haki ya kamisheni.

Vilevile kuna fedha za kuonyeshwa nyumba, ambazo baadhi ya madalali huomba kabla ya kumpeleka mtu. Hizo si kamisheni. Anayezitoa aelewe kuwa hazirudi hata kama nyumba aliyoonyeshwa haifanani na maelezo aliyopewa.

Kamisheni huiva lini

Hili ndilo swali lenye ugomvi kuliko yote. Katika mauzo ya nyumba kuna hatua nne ambazo dalali anaweza kudai kwamba malipo yake yameiva:

1. Amemleta mnunuzi aliye tayari na mwenye uwezo wa kulipa.
2. Pande mbili zimetia saini mkataba wa mauziano.
3. Mnunuzi amelipa malipo ya awali.
4. Fedha zote zimelipwa na umiliki umehamishwa.

Makubaliano yasiposema vinginevyo, sheria huegemea hatua ya mwisho. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo sehemu kubwa ilitokana na sheria ya India ya mwaka 1872, inaweka msingi kwamba malipo ya wakala hayadaiwi mpaka kazi aliyopewa ikamilike, isipokuwa kama kuna mkataba maalumu.

Kenya hufuata misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza katika mambo ya mikataba. Kesi inayotajwa sana ni ya Luxor dhidi ya Cooper, iliyoamuliwa na House of Lords mwaka 1941. Dalali alikuwa ameahidiwa paundi 10,000 mauzo ya majumba ya sinema yakikamilika. Alimleta mnunuzi aliye tayari kununua, lakini wenye mali hawakuendelea naye. Dalali alishindwa kesi. Aliahidiwa malipo kwa mauzo yaliyokamilika, na mauzo hayakukamilika.

Fundisho la kesi hiyo lina pande mbili. Mwenye nyumba ana uhuru wa kughairi kabla ya kusaini mkataba wa mauziano. Dalali naye, asiyetaka kuubeba mzigo wote wa kughairi huko, anatakiwa kuandika mapema kwamba atalipwa kiasi fulani hatua fulani ikifikiwa.

Kenya, utaratibu uliozoeleka ni mnunuzi kulipa asilimia 10 ya bei wakati wa kusaini, na salio kulipwa ndani ya siku 90. Malipo ya awali hushikiliwa na wakili. Wakala wengine huomba sehemu ya kamisheni wakati wa kusaini na salio siku ya kukamilisha. Muuzaji anayekubali mpango huo aandike pia kitakachotokea mnunuzi akishindwa kumalizia: je, sehemu iliyokwisha kulipwa inarudi au imekwenda?

Cha juu

Tanzania, na hata kwingineko, dalali anaweza kumwambia mwenye nyumba: "Wewe sema bei unayotaka, mimi nitatafuta cha juu." Mwenye nyumba anasema anataka shilingi 110,000,000 mkononi. Dalali anatangaza 125,000,000. Ikiuzika, 15,000,000 ni zake.

Kwa hesabu, hiyo ni asilimia 12 ya bei aliyolipa mnunuzi. Kama dalali angelipwa asilimia 5 ya bei hiyo angepata 6,250,000, na mwenye nyumba angebaki na 118,750,000. Kwa hiyo mwenye nyumba anayeona amekwepa kulipa kamisheni ameilipa, tena zaidi ya maradufu, bila kuiona.

Ikiwa mwenye nyumba anajua na ameridhia, huo ni mkataba kama mikataba mingine. Ikiwa hajui, sheria haiko upande wa dalali. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inasema wakala anayefanya biashara kwa faida yake mwenyewe katika kazi aliyotumwa, bila aliyemtuma kufahamu, anaweza kudaiwa faida hiyo na aliyemtuma.

Cha juu kina hatari nyingine kwa mnunuzi. Ili siri isitoke, dalali hujitahidi mnunuzi na mwenye nyumba wasikutane. Mnunuzi anaambiwa mwenye nyumba yuko safarini, au ni mgonjwa, au hapendi kusumbuliwa. Mnunuzi asiyemwona mwenye nyumba hana njia ya kujua kama mwenye nyumba yupo. Maneno hayo hayo hutumiwa na matapeli wanaouza nyumba isiyo yao. Asiyeruhusiwa kukutana na mwenye jina lililo kwenye hati asitoe fedha.

Dalali na bei: maslahi hayalingani sawasawa

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa dalali hulipwa kwa asilimia, atapigania bei ya juu kabisa. Hesabu inaonyesha vingine. Muuzaji akisubiri miezi miwili na kupata shilingi 500,000 zaidi, wakala wa asilimia 3 anapata nyongeza ya shilingi 15,000 tu. Kwa wakala ni afadhali kuuza leo na kwenda kwenye nyumba nyingine.

Watafiti Steven Levitt na Chad Syverson waliliangalia suala hili nchini Marekani, katika mauzo ya nyumba karibu 100,000 ya eneo la Chicago. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2008, mawakala walipouza nyumba zao wenyewe walizishikilia sokoni kwa takriban siku 9.5 zaidi na kupata bei ya juu kwa takriban asilimia 3.7 kuliko walipouza nyumba za wateja zinazofanana nazo.

Soko la Chicago si la Mombasa wala la Arusha, lakini hesabu ya kamisheni ni ile ile. Muuzaji anayeambiwa "chukua bei hii, haitapatikana nyingine" aulize bei za nyumba mbili tatu zilizouzwa jirani kabla ya kukubali.

Dalali mmoja au wengi

Mwenye nyumba anaweza kumpa kazi wakala mmoja tu kwa muda maalumu, kwa mfano siku 90. Wakala huyo hugharamia matangazo akiwa na uhakika kwamba ikiuzika ndani ya muda huo atalipwa. Muuzaji asome vizuri, kwa kuwa baadhi ya mikataba ya namna hii humpa wakala kamisheni hata kama mwenye nyumba amempata mnunuzi mwenyewe.

Njia nyingine ni kuwapa madalali wengi, na atakayeuza ndiye atakayelipwa. Hapa ndipo mnunuzi anapofika kwenye geti na kukuta watu watano, kila mmoja akisema ndiye dalali. Mara nyingi ni mnyororo: mmoja ana mteja, mwingine anamjua mwenye nyumba, wa tatu alisikia. Kamisheni inabaki moja, na kugawana ni juu yao. Muuzaji amlipe mmoja aliyeandikiana naye, kwa risiti inayotaja kuwa hakuna mwingine anayedai.

Kenya: usajili ni sharti

Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi ya mwaka 1984, Sura ya 533, inayosimamiwa na Bodi ya Usajili, EARB. Mtu haruhusiwi kufanya kazi ya uwakala bila kusajiliwa, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Asiyesajiliwa anapodai kamisheni anadai malipo ya kazi ambayo sheria imemkataza kuifanya, hivyo dai lake huanza likiwa na kasoro kubwa. Mteja anaweza kuuliza namba ya usajili na kuihakikisha kwa bodi.

Aidha, mkataba wa kuuza ardhi au nyumba Kenya ni lazima uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote na ushuhudiwe. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 nje ya miji, hulipwa na mnunuzi. Huo si sehemu ya kamisheni. Ardhi ya kilimo iliyo katika eneo la udhibiti huhitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Bila kibali mauziano ni batili, na mauzo batili hayakamilishi kazi ya wakala.

Tanzania: mkataba ndio ngao

Kwa Tanzania Bara, haki ya dalali na ya mteja hutegemea zaidi makubaliano yao na Sheria ya Mikataba. Dalali anayefanya biashara hii anapaswa kuwa na namba ya mlipakodi, TIN, na leseni ya biashara. Mwenye vyote viwili anaweza kutoa risiti na anaweza kupatikana baadaye.

Katika mitaa mingi mauziano hushuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, na mnunuzi anaweza kuombwa fedha hapo. Fedha hizo si za dalali. Mnunuzi aulize ni malipo ya nini, yametajwa wapi, na adai risiti. Ushahidi wa ofisi ya mtaa hauchukui nafasi ya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na zinahitaji ushauri wa wakili wa huko.

Tangu Machi 2025, kanuni za Tanzania zinakataza kutangaza bei na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Dalali anayetaja bei na kamisheni yake kwa dola aombwe kuitaja kwa shilingi.

Mnunuzi aliyevuka mpaka

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikumpa raia wa nchi moja haki ya moja kwa moja ya kumiliki ardhi katika nchi nyingine. Kifungu cha 15 kinaacha suala la ardhi chini ya sera na sheria za kila nchi.

Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Uganda nayo inaweka kikomo cha miaka 99. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji.

Hapo ndipo baadhi ya madalali huja na ushauri wa "tuandike kwa jina la ndugu wa hapa". Ikumbukwe kwamba dalali atalipwa kamisheni yake siku hiyo hiyo. Anayebaki na hatari ni mnunuzi, ambaye fedha zake zimeingia kwenye nyumba yenye jina la mtu mwingine. Mwenye jina akifariki, akidaiwa au akibadili nia, mnunuzi hana hati ya kuonyesha.

Kuhusu fedha, anayevuka mpaka wa Kenya au Tanzania na fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani anatakiwa kuzitamka forodhani. Sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha za nchi zote mbili zinawahusu pia mawakala wa nyumba, hivyo wakala akiuliza chanzo cha fedha anatimiza wajibu wake. Ni salama zaidi kulipa kupitia benki, kwa akaunti yenye jina la muuzaji au ya wakili. Bei ya nyumba isipitie kwenye simu ya dalali.

Mambo ya kuandika kabla ya kwenda kuona nyumba

- Majina kamili ya dalali na ya aliyemtuma, pamoja na namba za vitambulisho.
- Nyumba inayohusika na namba ya hati.
- Kiwango cha kamisheni, na kama VAT imo ndani au la.
- Nani atalipa, na kama dalali anapokea chochote kwa upande wa pili.
- Hatua ambayo malipo yataiva, na kitakachofanyika mauzo yakivunjika.
- Muda wa makubaliano, na kama ni dalali mmoja au wengi.
- Mnunuzi aliyeonyeshwa nyumba ndani ya muda huo akirudi kununua baada ya muda kwisha, dalali atalipwa au hatalipwa.

Karatasi moja yenye mambo hayo na saini mbili inatosha kwa mauzo mengi. Kipengele cha mwisho kina umuhimu kwa pande zote. Humlinda dalali dhidi ya mnunuzi na muuzaji wanaosubiri aondoke ndipo wauziane, na humlinda muuzaji dhidi ya dalali anayerudi baada ya mwaka kudai mnunuzi aliyepita naye mara moja.